Je, dereva akigoma anatenda dhambi? Swali tuliloulizwa Bweni

Bweni ni kijiji kilicho kwenye ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, jirani na Rasi Mkumbi na mnara wake wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Anayetoka Kilindoni, yalipo makao makuu ya wilaya, husafiri karibu kilomita 50 kufika huko. Waamini wetu ni wachache mno katika eneo hilo: mwalimu mmoja hapa, mhudumu wa afya kule, na familia zao. Tulikwenda kuwatembelea, na baada ya Misa iliyoadhimishwa sebuleni kwa mwalimu mmoja, tulikaribishwa kahawa na jirani yake, mzee wa Kiislamu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha mabasi ya abiria jijini Dar es Salaam.

Mjukuu wa mzee huyo alikuwa anajiandaa kuvuka kwenda Mbagala, ambako amepata nafasi ya kuwa konda. Alitumiminia kahawa, akasita kidogo, kisha akauliza: "Padri, wenzangu wakigoma kule mjini, nami nikakataa kutoka na gari, nitakuwa nimetenda dhambi?" Kabla hatujafungua kinywa, babu yake alimjibu: "Muulize kwanza kama kuna mkataba wa kugomea."

Wote tulicheka. Lakini kadiri tulivyolitafakari jibu la mzee, ndivyo tulivyoona kwamba limegusa kiini cha jambo zima, na kwamba maelezo mafupi tuliyoyatoa jioni ile hayakutosha. Tunayatoa hapa kwa urefu zaidi, hasa katika kipindi hiki ambapo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kila tarehe 1 Mei, kumbukumbu iliyowekwa na Papa Pio XII mwaka 1955.

Wasomaji wengi wanaikumbuka vema migomo ya mwaka 2015. Machi 11 mwaka huo ilitokea ajali ya Changarawe, Mafinga, ambamo zaidi ya watu 40 walipoteza maisha baada ya basi kugongana na lori. Taifa lilishtuka, na macho yote yakaelekezwa kwa madereva. Wakatakiwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, kwa gharama zao wenyewe. Ijumaa ya Aprili 10 wakaegesha magari. Kituo cha Ubungo kilifurika abiria wasio na pa kwenda, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na serikali ikaahidi mazungumzo. Mei 4 wakaegesha tena, safari hii kwa siku mbili, Dar es Salaam na katika miji mingine mingi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda kamati ya kushughulikia matatizo ya usafiri wa barabarani.

Magazeti mengi yaliandika kuhusu masomo ya leseni na faini za barabarani. Lakini katika madai ya madereva lilikuwamo jambo zito kuliko hayo: mikataba ya ajira. Walidai waajiriwe kwa maandishi, wapate mshahara unaojulikana, na wachangiwe katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Waliona kwamba wanaitwa wazembe kwa kukimbiza magari, ilhali mfumo wa malipo yao ndio unaowakimbiza.

Mfumo huo unahitaji kuelezwa, kwa maana abiria wengi tunaupanda kila siku pasipo kuufahamu. Mwenye gari, ambaye madereva humwita tajiri, hukabidhi gari asubuhi na kudai "hesabu" jioni, yaani kiasi maalumu cha fedha kisichopungua hata kama mvua imenyesha au barabara imefungwa. Mafuta hulipiwa kutokana na makusanyo. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ujira wa dereva na konda. Siku ikiwa mbaya hakibaki kitu. Dereva akiugua, nafasi yake huchukuliwa na deiwaka, mtu wa kushika usukani kwa siku moja au hata kwa mizunguko michache. Hapo hakuna karatasi ya mshahara, likizo wala mchango wa uzeeni. Mzee wa Bweni alitusimulia kwamba katika miaka yake yote alihudumia matajiri watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwandikia barua.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Dereva wa UDA alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara na mafao. Wazee wa jiji bado wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus waliyoyaita kumbakumba. Shirika lilipodhoofika kwa kukosa vipuri na mafuta, watu binafsi waliruhusiwa rasmi mwaka 1983 kuingiza magari yao, na nauli ya shilingi tano, iliyofananishwa na dola, ikayapa jina la daladala. Watu walipata usafiri, na kwa hilo hatuna budi kushukuru. Lakini kazi ileile iliyokuwa na mkataba ilihamia mahali pasipo na mkataba, na hakuna aliyeitangaza hasara hiyo. Madereva na makondakta wenyewe waliiona. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliunda umoja wao, UWAMADAR, wakashirikiana na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, COTWU(T), wakidai mikataba. Kwa hiyo kilio cha mwaka 2015 kilikuwa na umri wa karibu miaka ishirini.

Je, sheria inasemaje? Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, hasa tangu sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka 1962, mgomo halali ulikuwa karibu hauwezekani nchini. Viongozi waliikumbuka migomo mikubwa ya wakati wa ukoloni, ukiwamo ule wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1960, nao hawakutaka taifa changa lisimamishwe namna ile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilibadilisha mambo. Inatambua haki ya mfanyakazi kugoma, ila kwa masharti: mgogoro upelekwe kwanza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muda wa usuluhishi wa siku 30 upite, wanachama wapige kura, na mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Anayegoma kwa kufuata njia hiyo hawezi kufukuzwa kwa sababu ya mgomo, ingawa mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku ambazo hakufanya kazi. Huduma kama maji, umeme, hospitali, zimamoto na uongozaji wa ndege zimewekewa ulinzi wa pekee. Basi la kawaida la abiria halimo katika orodha hiyo, isipokuwa usafiri unaohitajika ili huduma hizo zifanyike.

Hapa ndipo utani wa mzee unapokuwa hoja. Sheria inaruhusu kugoma kwa ajili ya mgogoro wa maslahi, yaani jambo jipya ambalo wafanyakazi wanalitaka na ambalo bado halijawa haki yao, kwa mfano nyongeza ya mshahara. Jambo ambalo tayari ni haki kisheria huitwa lalamiko, nalo hupelekwa kwenye Tume na kuamuliwa. Na kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi ni wajibu ambao sheria hiyohiyo imeuweka mabegani mwa mwajiri. Kwa maneno mengine, mwaka 2015 madereva waligoma kudai kitu ambacho sheria ilikwisha kuwapa miaka kumi na moja nyuma. Mwanasheria atasema walikosea mlango. Sisi tunajiuliza: walinzi wa mlango ulio sahihi walikuwa wapi muda wote huo?

Kuna kifungu kimoja ambacho tungependa kila konda akijue kabla ya kupanda boti kutoka Kilindoni. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: kwamba namna yake ya kufanya kazi inasimamiwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anamtegemea mtu huyo kwa riziki yake, au amepewa vifaa vya kazi na mtu huyo. Dereva wa daladala hupewa gari na mwenye gari. Hupitisha saa 45 kabla ya wiki kwisha. Kukosa karatasi, basi, hakumfanyi asiwe mwajiriwa. Kunamfanya awe mwajiriwa ambaye mwajiri wake hajatimiza wajibu.

Turudi sasa kwenye swali la dhambi. Mama Kanisa amelizungumzia jambo hili waziwazi tangu Waraka wa Papa Leo XIII, "Rerum Novarum", wa tarehe 15 Mei 1891, uliotetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao na kupata ujira unaotosha kuwatunza. Ni Waraka uleule uliomsukuma Baba Mtakatifu Leo XIV kulichagua jina lake mwaka 2025. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2435, inafundisha kwamba mgomo ni halali kimaadili pale usipoweza kuepukika, au angalau unapohitajika ili kupata jambo lenye uzito unaolingana na madhara yake. Unapoteza uhalali huo unapoambatana na vurugu, unapotumikia malengo yasiyohusu hali ya kazi, au unapoumiza mafao ya wengi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka "Laborem Exercens" wa tarehe 14 Septemba 1981, anauita njia ya mwisho, na anaonya usigeuzwe kuwa chombo cha siasa.

Jibu letu kwa kijana lilikuwa basi hili: kukataa kutoka na gari si dhambi kwa yenyewe. Kumpiga mawe mwenzako aliyetoka na gari ni dhambi. Kumshusha mgonjwa njiani ni dhambi. Na kumtumikisha mtu miaka ishirini bila kumwekea akiba ya uzee ni dhambi pia, tena ya zamani. Torati iliagiza kibarua alipwe kabla ya jua kuchwa, na Mtume Yakobo aliwaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia unapaza sauti hadi masikioni mwa Bwana. Mzee alitikisa kichwa akasema kwamba hata kwao wameusiwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Tulikubaliana naye bila mjadala.

Lakini mwenyeji wetu, yule mwalimu, hakuridhika upesi. Mei 2015 alikuwa akirudi kisiwani na mama yake aliyetoka kutibiwa Muhimbili. Walikwama Mbagala. Boti la Nyamisati, kama wenyeji wajuavyo, huondoka kwa kufuata maji, na maji hayangoji mgomo. Pikipiki zilipandisha bei. Mama mgonjwa alilala kwenye baraza la nyumba ya watu wasiowafahamu. "Padri," alituambia, "madereva walikuwa na haki, lakini gharama ya haki yao nimeilipa mimi." Hatukuwa na jibu la kuufuta uchungu huo, na hatudhani lipo. Ndiyo sababu mafundisho ya Kanisa yanadai kipimo: mgomo wa usafiri haumuumizi tajiri peke yake, huanza na yule asiye na gari, na kadiri mtu anavyoishi mbali ndivyo unavyomuumiza zaidi. Taarifa ya saa 48 inayotajwa na sheria, ambayo mjini huonekana kama urasimu, kwa mtu wa Bweni ni nafasi ya kuahirisha safari au kuwahi maji.

Kuhusu pensheni, kijana alidhani ni mambo ya wazee. Babu yake alimtajia hesabu moja: ili kupata pensheni ya uzeeni kutoka NSSF, mwanachama anahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Anayeanza kuchangiwa akiwa na miaka 22 ana nafasi tele. Anayeanza akiwa na 50 hafikishi miezi hiyo kabla ya miaka 60 ya kustaafu. Hivyo madai ya mkataba na madai ya pensheni ni dai moja, kwa kuwa pasipo mshahara ulioandikwa hakuna asilimia ya kukatwa. Mfuko umefungua mlango pia kwa waliojiajiri kuchangia wenyewe, na ni jambo jema, mradi waajiri wasilitumie kumwambia dereva wao ajitegemee.

Hata hivyo karatasi peke yake haitoshi. Kaka wa mzee huyo alikuwa fundi katika karakana za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Yeye alikuwa na kila hati: barua ya ajira, namba ya utumishi, stakabadhi za makato. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mwajiri wake alitoweka. Ilichukua miaka saba hadi Kenya, Tanzania na Uganda kutia saini makubaliano ya kugawana mali na madeni, tarehe 14 Mei 1984, chini ya usuluhishi wa Dakta Victor Umbricht kutoka Uswisi. Kenya ilichukua asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikabeba wajibu wa kuwalipa raia wake waliolitumikia shirika. Wajibu uliandikwa, lakini malipo yakasuasua. Wazee wa Tanzania walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na Septemba 2005 serikali ikakubali nje ya kesi kulipa takribani shilingi bilioni 117 kwa wadai zaidi ya 31,000. Hata baada ya hapo wengi walidai kwamba hesabu haikukamilika, na tuliwaona wakikaa barabarani katikati ya jiji, watu wenye mvi na mikongojo, wakizuia magari. Wafanyakazi wa usafiri waliokwisha kustaafu hawana kazi ya kugomea, kwa hiyo waligoma kwa miili yao. Kaka wa mzee alilipwa sehemu, na hadi anazikwa aliamini bado anadai.

Ndugu wawili wa Bweni, mmoja hakuwa na karatasi na mwingine alikuwa nazo zote. Tunapoona mijadala ya kikokotoo cha mafao ikirudi mara kwa mara, tuwakumbuke hao. Mwishoni mwa mwaka 2018 kanuni ya kulipa mkupuo wa asilimia 25 ilizua manung'uniko makubwa hadi Rais John Magufuli akaisitisha. Mwaka 2022 kiwango kikawa asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya mwaka 2024 kikapandishwa hadi 40 kwa kundi ambalo awali lilipokea 50, na 35 kwa lile lililopokea 25. Wapo wanaowaona wafanyakazi kuwa wakaidi kwa kubishania asilimia. Mtu aliyeshuhudia yaliyowapata watumishi wa Jumuiya hawezi kuwashangaa. Anayechangia kwa miaka thelathini anamkopesha mwenzake imani kwa miaka thelathini.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Mtakatifu Yohane Paulo II anafundisha kwamba pamoja na mwajiri anayemlipa mfanyakazi, kuna mwajiri mwingine asiye wa moja kwa moja: dola, taasisi na taratibu zote zinazoamua mfanyakazi atatendewaje. Anayetoa leseni ya njia bila kuulizia mkataba wa dereva yumo. Chama cha wafanyakazi kinachosubiri michango kabla ya kuwafuata watu vituoni kimo. Na parokia zetu zimo. Kila mwaka tunakodi mabasi kwa ajili ya hija za Bagamoyo na Pugu. Tunauliza bei, tunapunguziwa, tunashukuru. Hatukumbuki hata mara moja kuuliza kama dereva ataendesha usiku kucha peke yake, wala kama ana mkataba. Tulipolisema hili Bweni, mzee alitutazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Sasa mtauliza?" Tulimwahidi kwamba katika hija ijayo tutauliza, na swali hilo sasa limo katika fomu ya kukodi basi ya parokia yetu.

Kijana aliondoka alfajiri iliyofuata kwa bodaboda kuelekea Kilindoni. Tulimwandikia kwenye kipande cha karatasi mambo aliyotaka kukumbuka: namba ya kifungu kile cha 61, kwamba achukue picha ya kila karatasi ya hesabu anayokabidhi, na kwamba akiachishwa kazi anazo siku 30 tu za kupeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 60 kwa malalamiko mengine. Babu yake aliikunja karatasi hiyo mara nne, akaitia katika mfuko wa shati la mjukuu wake, akaufunga kwa pini.